Joto la Salamu Maria

Mama Oliva tumemzika Jumamosi iliyopita hapa Kibaoni, na msibani walinipa nafasi ya kusema machache kwa kuwa mimi ndiye niliyerithi kazi yake. Watu walitegemea machozi. Nikasimama na kitenge changu kiunoni, nikawaeleza namna marehemu alivyonifundisha kuwasha mkaa upande mmoja wa pipa na kuuacha ushike wenyewe taratibu, na kwamba ukirusha mkaa usioshika juu ya makaa utapata moshi mzito mweupe, na nyama itakuwa chungu kama kwinini. Vijana wakacheka, padre akakohoa. Nikakaa chini bila kulisema lile nililolificha miaka yote, maana si jambo la kusema mbele ya jeneza, na tena mimi si mtu wa hadithi za mizimu. Nimekausha nyama kwa moshi maisha yangu yote ya utu uzima, na nimeona watu wazima wakitimua mbio kwa sababu ya bati linalotanuka kwa joto. Lakini mwaka ule niliokaa kwake, nikiwa msichana aliyemaliza shule juzi tu, nilisikia kitu ambacho hadi leo sijapata mahali pa kukiweka. Mtu pekee aliyekisikia pamoja nami sasa yuko ardhini, kwa hiyo nakiandika.

Nilifika kwake masika yakiwa yamekolea, barabara ya kutoka Kiberege imekuwa tope tupu. Baba yangu alikuwa akimuuzia ng'ombe, wakakubaliana nikae kwake mwaka mmoja nijifunze kukausha nyama, maana sisi Wasukuma wa bondeni nyama tulikuwa nayo, ila ujuzi wetu wa kuihifadhi uliishia kwenye kuianika juani na kugombana na nzi. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sebule ina viti vya kamba na picha ya Moyo Mtakatifu, na nyuma, ukivuka uwanja mdogo, kulikuwa na banda la bati lisilo na kuta, ndipo pipa lilipokaa. Mimi nilipewa stoo. Juu ya kitanda changu ilining'inia nyama iliyokwisha kukauka, imefungwa kwa kamba za katani kwenye mapau, na ilikuwa ikigeuka polepole hata siku ambazo hapakuwa na upepo. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, kulikuwa na koti la mvua la mwanamume. Sikuuliza ni la nani. Tulikula sebuleni, wali na kisamvu, au kambale wa kuchemsha kwa ndimu, na Mama Oliva alikula kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu mtoto angechapwa. Nilidhani ana mashoto mpaka nilipokiona kiganja chake cha kulia. Ngozi ilikuwa imeng'aa, na ile mistari ambayo kila mtu anayo haikuwepo tena.

Pipa lilikuwa la mafuta, limechomwa mpaka ikaisha harufu yake, likakatwa kimlango chini cha kutilia mkaa. Chini kulikuwa na tundu tatu za kuingiza hewa, zilizozibwa kwa magunzi ya mahindi, na juu kwenye mfuniko tundu moja la kutoa moshi. Kati ya makaa na nyama lilikaa karai la maji ili moto usiipige nyama moja kwa moja. Moshi tuliupata kwa kunyunyiza pumba za mpunga zilizoloweshwa kidogo, tulizokuwa tukizoa bure kwenye mashine ya kukoboa. Kazi yote ni hewa. Ukichomoa gunzi moja joto linapanda, ukilirudisha linashuka, lakini halishuki hapo hapo, na anayeanza kazi huchanganyikiwa akachomoa na kuziba mpaka anaharibu kila kitu. Mama Oliva alikuwa anachomoa gunzi moja, kisha anakwenda kupepeta mchele wake kama vile amesahau. Akirudi, anasogeza mfuniko kidogo, anaingiza kiganja cha kulia juu ya nyama, na anaanza kusali: “Salamu Maria, umejaa neema...” Hicho ndicho kilikuwa kipimajoto chake. Mkono ukishindwa kabla ya kufika “tumbo lako”, moto ni mkali, ziba. Ukifika Amina na bado unastahimili, moto umelala, chomoa. Moto sahihi ni ule unaokutoa mkono pale penye “saa ya kufa kwetu”.

Siku hizi ninacho kipimajoto cha mshale, mwanangu alikinunua Morogoro akakipachika kwenye mfuniko, na nimekilinganisha na mkono mara nyingi. Mkono hauko mbali. Shida ni sala. Mimi sikuwa Mkatoliki, kwetu tulikuwa na mambo yetu, kwa hiyo maneno yale niliyakariri kama mtu anavyokariri vipimo vya dukani, nikawa nayasema mbio. Nyama yangu ya kwanza ilitoka ngumu kama soli, na nilipoikata, katikati damu ilikuwa bado mbichi. Mama Oliva aliigeuza mara mbili kwenye sinia.

“Ulipima?”

“Nilipima, mama. Mkono ulitoka palepale penye kufa kwetu.”

“Hebu isali nisikie.”

Nikaisali bila kuvuta pumzi. Akacheka mpaka akashika nguzo.

“Milembe mwanangu! Unaikimbiza kama ng'ombe wa baba yako wameingia shamba la watu. Ukisali mbio, sala inakwisha upesi, na moto unaokutoa mkono upesi hivyo ni moto mkali. Sali kama unayemwombea mtu.”

Yeye mtu wa kumwombea alikuwa naye. Mume wake, Mzee Beatus, alikuwa amepotea katika mafuriko ya mwaka uliotangulia, akivuka kwenda kwenye shamba lao la mpunga ng'ambo ya mto, enzi hizo bado hakuna daraja. Mtumbwi ulikutwa umenasa kwenye matete, kasia limelazwa ndani vizuri, na maji hata kiganja kimoja hayakuwemo. Mwenyewe hakuonekana, hai wala maiti. Kwa sababu hapakuwa na mwili hapakuwa na kaburi, na kwa sababu hapakuwa na kaburi matanga hayakuanuliwa. Mama Oliva alikuwa bado amefunga kitambaa cheusi kichwani, na koti la nyuma ya mlango wangu likabaki pale lilipokuwa. Nilipojua ni la nani niliomba kulihamisha. Aliniambia, bila ukali, kwamba mwenyewe ataliulizia.

Sasa, wenye kujua rozari wanajua kwamba watu wakiisali pamoja Salamu Maria hugawanywa. Mmoja huongoza nusu ya kwanza mpaka “amebarikiwa”, na wengine huitikia, “Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu.” Mimi nilikuwa sijui. Niliona tu kwamba Mama Oliva husema nusu ya kwanza kwa sauti, kisha hunyamaza na mkono ukiwa bado ndani ya joto, ametega sikio, halafu baada ya muda husema Amina na kuutoa. Nikafikiri nusu ya pili anaisali moyoni. Asubuhi moja ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Udzungwa ukalala uwanjani, hata mgomba wa jirani hauonekani, na mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na kimlango nikichokoa majivu. Akasema nusu yake, akanyamaza. Ndani ya pipa kukawa na mngurumo wa chini chini. Nilijua bati linalia, nilijua mafuta yanachuruzika, na ule haukuwa mlio wa bati wala wa mafuta. Ilikuwa kama mwanamume anayesema amefumba mdomo. Maneno sikuyapata, lakini mapigo yake niliyatambua, maana nilikuwa nimeyakariri: yalipanda penye “Mama wa Mungu”, yakashuka penye “wakosefu”, yakakatika penye Amina, na papo hapo yeye akasema Amina na kuutoa mkono.

Nilibaki na kijiti cha kuchokolea mkononi.

“Umesikia, eeh?” akaniuliza.

“Nimesikia, mayu,” nikamjibu, maana nikiogopa nilikuwa narudi kwenye Kisukuma, na mama kwetu ni mayu.

“Usiogope. Anachelewa kidogo kujibu kwa sababu yuko mbali.”

Niliogopa, tena sana. Ningeweza kurudi Kiberege siku ileile kwa miguu. Kilichonibakiza ni kwamba nilikuwa nimempenda yule mama, na kwamba aliyasema yale kwa utulivu ule ule aliokuwa nao akikuambia chumvi imezidi. Baadaye, tukila, aliniambia mwenyewe bila kuulizwa. Maji yanamchukua, alisema. Mwanzoni Beatus alikuwa anajibu upesi, kama yuko pale nje ya ukuta. Sasa mto ulikuwa umemshusha mpaka karibu na pale unapoungana na Rufiji, ndiyo maana sauti inakuja polepole. Nikamuuliza, akifika baharini? Akachota kisamvu kwa mkono wa kushoto, akatafuna, akameza. “Hapo sitamsikia tena,” akasema.

Ninyi mnaosoma huenda mmeshaona tatizo, mimi lilinichukua miezi. Kama kiitikio kinachelewa, sala inarefuka, na kama sala inarefuka, mkono hauwezi kukaa ndani mpaka mwisho isipokuwa moto upunguzwe. Kila juma Mama Oliva alikuwa akiziba hewa zaidi ili apate kumsubiri mume wake. Moto wa pipa letu ukazidi kulala. Nilikuwa nikichoma kipande kinene kwa spoku ya baiskeli, nikiigusisha mdomoni kama alivyonifundisha, na spoku iliyotakiwa kunichoma ilikuja vuguvugu. Nyama ikaanza kunata. Mama Zai, mwenye kibanda cha chakula stendi, aliyekuwa mteja wetu mkubwa, alikuja na furushi lake akalifungua uwanjani bila salamu.

“Mama Oliva, shoga yangu, hii nyama ina nini? Nimeiweka juzi, leo inavuta kama ulimbo. Mimi nitaua watu wa mabasi!”

“Nipe nikurudishie nyingine.”

“Hiyo nyingine imelala kwenye moto upi?”

Mama Oliva akalifunga furushi, akaliingiza ndani. Nilipoachwa peke yangu nikachomoa gunzi moja, nikaliweka juu ya jiwe, nikaenda kisimani kuchota maji huku yeye akiwa kwenye sala za jumuiya. Niliporudi gunzi lilikuwa kwenye tundu lake. Hapakuwa na mtu uwanjani, mlango wa nyuma umefungwa kwa komeo kama nilivyouacha, na ardhi ya banda, niliyoifagia asubuhi, haikuwa na unyayo ila wangu. Nikalishika gunzi kulitoa tena. Lilikuwa limelowa chepechepe, maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko, yananuka matope na matete. Siku hiyo mvua haikunyesha. Nikalirudisha mwenyewe, na sikuligusa tena bila Mama Oliva kuwepo.

Masika mengine yalipokaribia, shemeji yake akaja kutoka Mahenge. Kosmas alikuwa mdogo wake Mzee Beatus, mpole, mwenye kusema huku anatazama viatu vyake, na nawaambia hivi ili msije mkadhani alifuata nyumba. Walizungumza sebuleni, nami niko stoo, na ukuta wa kati haukufika paani.

“Shemeji, mwaka umekwisha na zaidi. Ukoo umekaa. Tutachukua shina la mgomba, tulivike shati lake, tulizike kwa jina lake kama wazee walivyofanya kwa waliopotea. Tuanue matanga.”

“Mtazika ndizi. Beatus hamtamzika.”

“Na wewe je? Huo mkono umeutazama? Mwanao Oliva akiuona atasema sisi tumekutupa.”

Nilisikia kiti cha kamba kikilia.

“Haya,” akasema. “Lakini nyama ya kuanulia matanga ya mume wangu nitaikausha mwenyewe.”

Hapo ndipo nilipopiga hesabu. Dume zima la ng'ombe, na ukoo mzima kutoka Mahenge na Ulanga, wazee, watoto wachanga wa jana, wote wangekula nyama iliyolala siku nzima kwenye vuguvugu. Kwetu nilikwisha kuona nyama iliyoharibika ikilaza boma zima na kuondoka na wawili. Na kama watu wangekufa kwenye matanga, kwa nyama iliyotoka mikononi mwa mjane, nani angetafuta sababu kwenye magunzi? Wangemwita mchawi, na kwa bonde hili wakati ule nilijua linalompata mwanamke mzee akishaitwa hivyo. Nilimwambia yote hayo siku tuliyokuwa tunakata nyama na kuipaka chumvi. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Nitakaza moto,” akasema, na nikamwona kabisa kwamba anataka kuukaza.

Asubuhi ya kazi ukungu ulikuwa mzito tena. Mbele ya nyumba Kosmas na wanaume wenzake walikuwa wakichimba, tunasikia majembe tu, na shina la mgomba lilikuwa limelazwa barazani, limevikwa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Nilipita pembeni yake nikiwa nimebeba mkaa, na sikulitazama mara ya pili. Niliwasha upande mmoja, nikaacha moto uenee, nikaweka karai, nikapanga nyama bila kuibananisha, nikanyunyiza pumba. Moshi ukatoka mweupe, kisha ukawa mwembamba wa kijivu cha bluu, kama unavyotakiwa. Tundu mbili zilikuwa wazi. Nilijua moto uko sawa. Mama Oliva akaja akiwa amevaa nguo yake ya kanisani, akasogeza mfuniko, akaingiza mkono.

“Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe, umebarikiwa kuliko wanawake wote, na Yesu, mzao wa tumbo lako, amebarikiwa.”

Akanyamaza. Tukasubiri. Mafuta yalidondoka kwenye karai, yakalia. Ndani ya pipa hapakuwa na mngurumo wowote.

“Toa mkono, mama.”

“Bado hajaitikia.”

“Mama, unaungua!”

“Ziba, Milembe. Ziba zote mbili. Atajibu, ni mbali tu.” Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni, ila mkono haukusogea. Nilianza kusikia harufu ambayo haikuwa ya ng'ombe. Magunzi yote mawili nilikuwa nayo mkononi. Nikiziba, mkono wake unapona na watu wanakula sumu. Nisipoziba, atabaki pale mpaka mfupa. Nilimshika kiwiko kumvuta, nikawa kama ninavuta nguzo ya nyumba, na yule alikuwa mwanamke mwembamba.

Basi nikaitikia mimi. Nilisogeza mdomo kwenye tundu la moshi, macho yakawasha nisione kitu, nikaanza, “Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu.” Sikuikimbiza. Nilitamka kila neno kama lilivyo, nikimwombea mama yule aliyesimama mbele yangu akiungua, kwa moyo wangu wote. Nilipofika “utuombee sisi wakosefu” nikasikia mtu anasema pamoja nami, nyuma kidogo ya sauti yangu, maneno yakiwa na maji maji. Tulisema “sasa” pamoja. Halafu akaniacha, na “saa ya kufa kwetu” nikaimaliza peke yangu.

“Amina,” Mama Oliva akasema, na mkono ukatoka.

Alikaa akiutazama, umekuwa mwekundu na mweupe, vidole vimejikunja. Kule mbele majembe yalikuwa yamenyamaza.

“Hiyo sauti ya mwisho ni yako,” akasema.

“Ni yangu, mama.”

“Najua.” Akaniinulia macho. “Na ile nyingine umeisikia ilipoishia?”

“Nimeisikia.”

Aliitikia kwa kichwa taratibu. “Basi maji yamemfikisha baharini,” akasema, akajifuta uso kwa upindo wa ile nguo ya kanisani, akaniamuru nilete makaa mengine yaliyoshika kutoka jikoni, maana joto lilikuwa limetoroka mfuniko ukiwa wazi, na nichomoe gunzi la tatu. Nikafanya. Nilipoinuka alikuwa ameusogeza mfuniko, safari hii ameingiza mkono wa kushoto, ule mzima. Akaisali Salamu Maria yote mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, kwa mwendo wa watu wa kawaida, bila kungoja kokote katikati, na penye “saa ya kufa kwetu” akautoa.

“Nenda kamwambie shemeji,” akasema, “wazike.”